Udongo Uliobaki Baada ya Ghala: Somo Kuhusu Usafishaji wa Ardhi Yenye Mabaki ya Viuatilifu na Mafuta

Utangulizi

Katika kijiji cha Vikuge, wilayani Kibaha, Mkoa wa Pwani, shamba la malisho la serikali lilipokea miaka ya 1980 shehena kubwa ya viuatilifu vya msaada. Sehemu ya viuatilifu hivyo ilikuwa imekwisha muda wake wa matumizi. Ghala lililovihifadhi liliporomoka, na shehena ikabaki ikinyeshewa mvua. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa, na kwa mtazamo wa kawaida eneo hilo likawa limesafishwa.

Mwaka 2004 watafiti kutoka Tanzania na Uswidi walichapisha matokeo ya vipimo vya udongo na maji ya mahali hapo. Katika baadhi ya sampuli za udongo wa juu, DDT pamoja na mazao ya kuvunjika kwake ilifikia asilimia 28 ya uzito wa udongo, na kemikali za kundi la HCH, ambamo imo lindani, zilifikia asilimia 6. Mabaki yalipatikana hadi kina cha sentimita 50. Katika maji, viuatilifu vyenye klorini vilifikia mikrogramu 30 kwa lita. Ikumbukwe kwamba kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa DDT na mazao yake katika maji ya kunywa ni mikrogramu 1 kwa lita. Watafiti hao walihitimisha kwamba udongo uliobaki ulikuwa wenyewe ni taka hatarishi, na kwamba kuondoa kinachoonekana hakumaanishi kuwa tatizo limekwisha.

Somo hili linajengwa juu ya hitimisho hilo. Lengo lake ni kumwezesha mhudumu wa afya, na mwananchi anayeishi jirani na ardhi ya namna hiyo, kuelewa njia zinazotumika kusafisha udongo na kuuliza swali moja kila anapoambiwa kwamba eneo fulani limesafishwa: je, sumu imeharibiwa, imefungiwa, au imehamishwa tu?

Vichafuzi vya kikaboni na sababu za kudumu kwake

Vichafuzi vya kikaboni ni kemikali ambazo molekuli zake zimejengwa juu ya kaboni. Katika mazingira yetu makundi matatu hukutwa mara kwa mara. La kwanza ni mafuta ya petroli na bidhaa zake: dizeli, petroli iliyovuja kutoka kwenye matangi ya chini ya ardhi, na mafuta machafu yanayomwagwa kwenye gereji. La pili ni viuatilifu vya zamani vyenye klorini, kama vile DDT, lindani, aldrini na dieldrini. La tatu ni kemikali za viwandani na za uchomaji, zikiwamo zile ziitwazo PCB, ambazo zilitumika katika transfoma za zamani, na dioksini, ambazo huzaliwa taka zenye klorini zinapochomwa katika moto hafifu.

Makundi haya hayafanani kwa ukaidi. Bakteria wa udongoni wanaweza kutumia sehemu kubwa ya dizeli kama chakula. DDT ni tofauti: haiyeyuki kwa urahisi katika maji, hushikamana na mboji ya udongo, na hupenda mafuta. Tabia hizo ndizo zinazoifanya idumu ardhini kwa miaka mingi, na ndizo hizo hizo zinazoifanya ihifadhiwe katika mafuta ya mwili wa binadamu na mnyama. Aidha, DDT inapovunjika haipotei. Penye oksijeni hubadilika zaidi kuwa DDE, na pasipo na oksijeni huwa DDD. DDE ni kaidi kuliko hata mama yake. Kwa hiyo ripoti inayosema kwamba DDT imepungua, bila kutaja DDE na DDD, ni ripoti isiyokamilika.

Mkataba wa Stockholm, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2004, uliziweka kemikali nyingi za makundi hayo katika orodha ya zile zinazopaswa kukomeshwa au kudhibitiwa. DDT iliachiwa matumizi ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa, hususan mbu wa malaria. Mkataba, hata hivyo, hauondoi kilichokwisha kumwagika.

Kutoka udongoni hadi mwilini

Udongo wenye sumu haumdhuru mtu kwa kuwapo tu. Ili madhara yatokee, lazima pawe na njia ya kuufikisha mwilini. Njia zilizo muhimu katika jamii zetu ni hizi:

1. Mikono na mdomo. Watoto wadogo hucheza chini na kutia vidole mdomoni. Kwa kulinganisha na uzito wao, humeza udongo mwingi kuliko watu wazima. Wajawazito wanaokula udongo wamo pia katika kundi hili.
2. Vumbi, hasa wakati wa kufagia, kulima au kuchimba.
3. Maji ya visima vifupi vilivyo karibu na eneo lililochafuliwa.
4. Chakula. Kuku wa kienyeji hudonoa udongo, na sumu zinazopenda mafuta hujikusanya katika kiini cha yai. Ng'ombe na mbuzi hula majani yenye vumbi, na sumu hujitokeza katika maziwa.
5. Ngozi, hususan kwa mafuta ya petroli na kwa wafanyakazi wasio na kinga.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka lindani, benzini na dioksini iitwayo TCDD katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu, na DDT katika kundi la vinavyoelekea kuisababisha. Uainishaji huo unaeleza uwezo wa kemikali kudhuru. Haumwambii daktari kwamba saratani ya mgonjwa aliye mbele yake imetokana na udongo wa jirani. Tofauti hiyo ielezwe kwa upole na kwa ukweli, kwa sababu jamii iliyojawa na hofu inaweza kuhusisha kila ugonjwa na ghala, na jamii iliyotulizwa kwa maneno matupu inaweza kuendelea kunywa maji ya kisima kibovu.

Njia za kusafisha udongo

Kuchimba na kufungia

Tarehe 10 Julai 1976, ajali katika kiwanda cha kemikali jirani na mji wa Seveso, kaskazini mwa Italia, ilitawanya wingu lenye dioksini. Zaidi ya watu 700 walihamishwa kutoka eneo lililoathirika zaidi, na takriban watu 200, wengi wao watoto, walipata ugonjwa wa ngozi unaofanana na chunusi kali, uitwao klorakne. Udongo wa juu ulichimbwa ukafukiwa katika mashimo mawili makubwa yaliyojengwa kwa tabaka za kuzuia uvujaji. Juu yake leo kuna bustani ya miti.

Hapo sumu haikuharibiwa, ilifungiwa. Kufungia ni njia halali, na mara nyingi ndiyo inayowezekana kwa haraka, ila ina sharti lake: kaburi la sumu lazima liwe na mlinzi. Maji ya pembeni yapimwe mwaka hadi mwaka, kifuniko kikaguliwe, na kumbukumbu zihifadhiwe ili mjukuu asije akachimba kisima mahali ambapo babu alifukia sumu. Kufukia viuatilifu katika shimo la kawaida, bila tabaka na bila ramani, si kufungia. Huko ni kuihamisha sumu kutoka ghalani kuipeleka kwenye maji ya ardhini.

Joto

Uwanja wa ndege wa Da Nang, nchini Vietnam, ulitumika wakati wa vita kuhifadhi na kupakia dawa za kupukutisha majani ya misitu, ambazo zilikuwa na dioksini ndani yake. Kati ya mwaka 2012 na 2018 serikali za Vietnam na Marekani zilishirikiana kuusafisha. Udongo na tope vilirundikwa ndani ya jengo kubwa lililofungwa, vikapashwa moto kwa vyuma vya umeme hadi kufikia nyuzijoto 335 za Selsiasi, na mvuke uliotoka ukanaswa na kusafishwa. Takriban mita za ujazo 90,000 zilitibiwa kwa namna hiyo, kwa gharama iliyozidi dola za Marekani milioni 100. Udongo uliokuwa na uchafuzi mdogo zaidi ulifungiwa badala ya kupashwa moto.

Hapo sumu iliharibiwa. Njia ya joto ni ya uhakika kwa vichafuzi kaidi, lakini inahitaji umeme mwingi, wataalamu na fedha. Ndiyo maana nchi nyingi za Afrika zimekuwa zikisafirisha viuatilifu vilivyokwisha muda kwenda kuteketezwa katika matanuri maalumu ya nje, ambako taka zenye klorini nyingi huchomwa kwa nyuzijoto zipatazo 1,100. Msomaji asichukulie kwamba moto wa kawaida unatosha. Kuchoma viuatilifu, mifuko yake au makopo yake katika shimo la taka huzalisha dioksini na moshi unaopumuliwa na majirani. Ni kosa lenye madhara makubwa, hata likifanywa kwa nia njema.

Vijidudu

Bakteria na kuvu wa udongoni ni mafundi wa asili. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta katika pwani ya Alaska mwaka 1989, wataalamu walitumia mbolea yenye naitrojeni na fosforasi kwenye baadhi ya fukwe ili kuwaongezea bakteria lishe, na uozeshaji wa mafuta ukaongezeka kasi. Kanuni hiyo inatumika pia nchi kavu: udongo wenye dizeli hutandazwa katika tabaka jembamba juu ya sakafu isiyovuja, hupinduliwa mara kwa mara ili upate hewa, huwekwa unyevunyevu, na huongezewa samadi au mbolea. Katika hali ya joto kama yetu kazi hiyo huweza kuonyesha mafanikio baada ya miezi.

Njia hii ina mipaka miwili. Kwanza, bakteria hawaharibu metali. Mafuta machafu ya injini huwa na metali zitokanazo na kulika kwa vipuri, nazo hubaki hata mafuta yakiisha. Pili, DDT haiozeshwi kwa wepesi huo. Tafiti za maabara tangu miaka ya 1980 zimeonyesha kwamba baadhi ya kuvu wanaoozesha mbao wanaweza kuivunja, lakini kufanikiwa katika chupa ya maabara si kufanikiwa katika ekari ya shamba. Mahali penye asilimia 28 ya DDT, kama ilivyopimwa Vikuge, si mahali pa kutegemea samadi.

Mimea

Imebainika kwamba baadhi ya aina za maboga hufyonza DDT na DDE kutoka udongoni kuliko mimea mingine mingi. Watafiti wamependekeza zitumike kupunguza uchafuzi pole pole pale ulipo wa kiwango cha chini. Ugunduzi huu una upande wa pili, ambao kwa mhudumu wa afya ndio ulio muhimu zaidi. Mmea unaosafisha shamba ni mmea uliobeba sumu ya shamba. Kwetu sisi boga huliwa, na majani yake ni mboga ya kila siku. Mahali panaposhukiwa kuwa na viuatilifu vya zamani, maboga na mamung'unya ndiyo ya kwanza kuzuiwa kupandwa kwa chakula. Na yakipandwa kwa ajili ya usafishaji, yavunwe na kutupwa kama taka hatarishi, wala yasilishwe mifugo.

Kuosha na kunasa

Udongo unaweza pia kuoshwa kwa maji yenye sabuni maalumu. Matokeo yake ni udongo safi zaidi na maji machafu zaidi. Bila mtambo wa kuyatibu maji hayo, sumu imehamishwa tu. Njia nyingine ni kuchanganya udongo na mkaa uliotayarishwa mahususi, ambao huishikilia sumu isiingie kwa urahisi katika mimea na minyoo. Hapo sumu imefungiwa ndani ya udongo wenyewe, na ufuatiliaji bado unahitajika.

Usalama wa wanaosafisha

Watafiti wa Vikuge hawakukuta DDT na HCH pekee. Walikuta pia azinfosi-methili, iliyo katika kundi la oganofosfeti, na kabosulfani, iliyo katika kundi la kabameti. Makundi haya mawili huzuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi na huweza kuua kwa haraka. Kibarua anayechimba sakafu ya ghala la zamani bila glavu, buti, ovaroli na barakoa yenye kichujio yuko hatarini siku hiyo hiyo.

Zahanati iliyo jirani na kazi ya namna hiyo ijulishwe mapema. Mgonjwa anayetoka mate na jasho jingi, mwenye mboni ndogo, kutapika, kuhara, misuli kucheza na kupumua kwa shida, achukuliwe kuwa amepata sumu ya kundi hilo hadi itakapothibitika vinginevyo. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni na mhudumu aliyevaa kinga, njia ya hewa ilindwe, apewe atropini kwa kufuata mwongozo wa matibabu, na apewe rufaa bila kuchelewa. DDT kwa wingi huleta picha tofauti: ganzi kuzunguka mdomo, kutetemeka na degedege. Atropini si tiba yake. Hapo hudhibitiwa degedege na kusaidiwa upumuaji.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Madhara ya udongo mara nyingi ni ya kimyakimya na hayana dalili ya pekee. Kwa hiyo chombo kikuu cha uchunguzi ni historia ya mgonjwa. Panapokuwa na shaka, maswali yafuatayo yaulizwe na majibu yaandikwe:

1. Nyumba au shamba lako lilikuwa nini hapo zamani? Je, palikuwa na ghala la pamba, kahawa, mkonge au viuatilifu?
2. Unafanya kazi gani, na nguo za kazi zinafuliwa wapi?
3. Maji ya kunywa yanatoka wapi?
4. Mboga, mayai na maziwa mnayotumia yanatoka wapi?
5. Watoto wanacheza wapi?
6. Kwa mjamzito: unakula udongo? Umechimbwa wapi?
7. Je, makopo ya viuatilifu yanatumika nyumbani kuhifadhia maji, mafuta au nafaka?

Panapobainika chanzo, hatua ya kwanza ni kukata njia: eneo lizungushiwe uzio na alama, kisima kifungwe, mifugo iondolewe, na udongo ufunikwe usipeperuke wala kusombwa na mvua. Kufanya hivyo si kusafisha, ila kunaweza kupunguza madhara leo hii, wakati usafishaji wenyewe huenda ukasubiri miaka. Taarifa ifikishwe kwa afisa afya na afisa mazingira wa halmashauri. Kwa Tanzania, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndizo taasisi zinazohusika, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina uwezo wa kupima sampuli.

Ushauri kwa wagonjwa na familia

Je, mama aendelee kunyonyesha? Ndiyo. Ni kweli kwamba DDT na DDE hupatikana katika maziwa ya mama, kwa kuwa hupenda mafuta. Hata hivyo, faida za maziwa ya mama katika kumkinga mtoto dhidi ya kuhara, nimonia na utapiamlo ni kubwa, na Shirika la Afya Duniani linaendelea kushauri kunyonyesha. Kumwachisha mtoto ziwa kwa hofu, kisha kumpa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima kile kile, ni kumwongezea hatari. Kinachopaswa kubadilishwa ni maji, chakula na mahali pa kuchezea.

Je, kuchemsha maji kunatosha? Hapana. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuaminiki kuondoa viuatilifu. Kisima kinachoshukiwa kiachwe hadi kipimwe.

Je, ipo dawa ya kusafisha damu? Hakuna dawa iliyothibitishwa kwa matumizi ya kawaida ya kuondoa DDT mwilini. Mwili huipunguza wenyewe kwa miaka, mradi isiendelee kuingia. Wanaouza vinywaji vya kuondoa sumu wasipewe fedha ambayo ingenunua maji salama. Vilevile, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba kemikali iliingia mwilini, lakini hakitabiri ugonjwa. Kifanywe kwa lengo linaloeleweka.

Nini kifanyike nyumbani? Nawa mikono kabla ya kula. Menya viazi na karoti. Fagia kwa kunyunyiza maji. Fuga kuku mbali na eneo linaloshukiwa. Usitumie tena kopo la kiuatilifu kwa kazi yoyote ya nyumbani.

Hitimisho

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Ardhi iliyofunikwa kifusi bila kupimwa haijapona, na kijiji kilichoambiwa kwamba lori limekwisha kubeba kila kitu kina haki ya kuuliza lilipeleka wapi, na kilichobaki chini ni kiasi gani. Jibu la haki huja na namba: kiwango cha kabla na cha baada, katika udongo wa juu na wa chini, katika maji na katika mayai ya kuku, na ratiba ya kupima tena. Mhudumu wa afya si mhandisi wa udongo. Yeye, hata hivyo, mara nyingi ndiye mtu wa kwanza mwenye taaluma ambaye mwanakijiji humfikia. Akijua kuuliza kama sumu imeharibiwa, imefungiwa au imehamishwa, tayari ameanza kuwalinda watu wake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ripoti inayoonyesha kupungua kwa DDT pekee haitoshi?
2. Linganisha Seveso na Da Nang: wapi sumu ilifungiwa, na wapi iliharibiwa? Kila njia ina sharti gani?
3. Mama anayeishi mita chache kutoka ghala la zamani la viuatilifu anakuuliza kama aache kunyonyesha. Utamjibu nini, na utamwelekeza abadilishe mambo gani?
4. Kijiji kinapanga kuchoma mifuko ya viuatilifu vilivyokwisha muda siku ya usafi. Eleza hatari iliyopo na hatua mbadala.